Sekunde Kumi za Mwisho

Jumapili, 4 Mei

Mjomba, shikamoo.

Tumefungwa. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeruka salamu zote ulitafute. Sitini na moja kwa sitini na mbili, nusu fainali ya mpira wa kikapu, jana, kwenye uwanja wetu wenyewe.

Mama hajambo, anakusalimu. Mimi tangu nimalize shule niko naye dukani, nashona vifungo na kupinda suruali za watu huku nasubiri matokeo ya mtihani. Ulisema simu huisikii vizuri, na mimi kwenye simu nakuwa kama nimemeza ulimi, kwa hiyo acha nikuandikie kila kitu.

Saa ya ukutani pale uwanjani haijatengenezwa. Chuo bado kinasema mwakani. Kwa hiyo tunafanya vilevile kama ulipokuwepo: karani wa mezani akiinua kadi nyekundu, kwamba zimebaki sekunde kumi, mwenye saa ya kupimia anaibonyeza na kuanza kuhesabu, na watu wa mbao zote za kukalia nyuma ya kikapu wanaitikia. Kocha bado anawafokea vijana wasikilize filimbi, si mashabiki, na vijana bado wanatusikiliza sisi.

Kadi ilipoinuliwa tulikuwa mbele kwa pointi moja, mpira wanao wao. Tukahesabu kama kawaida. Kufuli alikuwa amembana mfungaji wao pembeni, karibu na mstari. Unamkumbuka Kufuli, yule mlinzi mrefu mkimya, namba nne. Mfungaji hakuwa na pa kupita. Halafu Kufuli akashusha mikono, akageuka kumkumbatia mwenzake. Yule akarusha. Filimbi ililia mpira ukiwa hewani, ukaingia.

Watu hawakutoka uwanjani. Walikaa tu kwenye mbao kama abiria walioachwa.

Leo kwa kinyozi hapakukalika. Unajua ukuta wetu na wake ni mmoja, nilikuwa kwenye ngazi ya duka na vifungo vyangu, nikasikia yote. Kinyozi alikuwa anamnyoa mwalimu mstaafu wa hesabu.

"Kufuli gani hili linajifungua lenyewe?" kinyozi akasema. "Hata la baiskeli lina afadhali!"

"Shingo yangu kwanza, ulinzi baadaye," mwalimu akamwambia. Lakini naye hakuweza kungoja. Akachota povu shavuni mwake akachora duara tano kwenye kioo. "Kosa si la mtu mmoja. Ukilinda eneo, kila mtu ana chumba chake. Yule mfungaji alipita vyumba vitatu bila kupiga hodi, ndipo akafika kwa Kufuli."

"Basi wangelinda mtu kwa mtu!"

"Kwa mapafu yapi? Robo ya nne vijana walikuwa wanapumulia masikio."

"Hata kama. Mikono aliishusha nani? Mimi?"

Hapo wote waliokuwa kwenye benchi wakasema ndiyo, ndiyo, mikono aliishusha Kufuli.

Mimi niliinamia vifungo vyangu. Unanijua. Saa yako iko salama, naifuta kwa kitambaa laini kila asubuhi. Niambie, wewe ungepanga ulinzi vipi?

Mpwa wako


Ijumaa, 9 Mei

Mwanangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikasimama tena. Usijali mwandiko huu, meza ya hapa ina mguu mmoja mfupi.

Mwambie mwalimu ninamheshimu, lakini povu lake apakae ndevu. Sekunde kumi za mwisho huwezi kulinda eneo. Eneo halifungi vikapu, mtu ndiye anayefunga. Kila mmoja amshike wake, amshike kama mkoba sokoni, mpaka filimbi. Na huyo Kufuli wenu hata hivyo alikuwa na mtu wake mkononi! Mlinzi anayeshusha mikono kabla ya filimbi ni sawa na fundi anayefunika saa kabla hajatia springi. Angekuwa wangu ningemvua jezi palepale, mbele ya mama yake.

Sasa wewe. Umeniandikia kurasa mbili, hesabu umeipa maneno mawili: kama kawaida. Ulisimama? Sauti ilitoka? Nilipokuachia ile saa mwezi wa kwanza walinicheka pale kwa kinyozi. Huyo binti, wakasema, hata akikanyagwa mguu ndiye anayeomba radhi. Nikawaambia, mpeni mwenye kelele atautazama mpira. Huyu atatazama saa.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na ni ngumu kuliko wanavyodhani. Mhesabu haoni mwisho wa mchezo. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye ule ubao, na sijawahi kuona kikapu hata kimoja cha sekunde kumi za mwisho. Nilikuwa nasimuliwa na watu kama kipofu. Wengine wakiruka mimi nilikuwa na mshale tu.

Kazi huku ni nyingi. Karakana ni kubwa, saa za kila aina, mpaka nyingine sijui waliozitengeneza walikuwa wamekasirikia nini. Msalimie dada yangu. Mwambie nakula.

Mjomba wako, fundi saa


Jumatano, 14 Mei

Shikamoo mjomba.

Ndani ya bahasha kuna kipande cha mpira. Nimekikata kwenye soli ya kiatu changu cha shule, maana sikivai tena. Kiweke chini ya ule mguu wa meza. Kama ni kinene sana kipunguze kwa wembe.

Ulisema ungemvua jezi. Wamemvua.

Jumatatu kocha alikuja dukani na mfuko. Ndani mlikuwa na jezi ya Kufuli, imefuliwa na kukunjwa. Akamwambia mama afumue namba nne mgongoni na kifuani, ashone kumi na tatu, itavaliwa na kijana wa mwaka wa kwanza. Kamati ya michezo ya chuo inakaa Jumamosi ya tarehe ishirini na nne, lakini kocha alisema ni kutia sahihi tu. Kufuli anasoma pale kwa nafasi ya wanamichezo. Akitoka kwenye timu, anatoka bwenini na anatoka chuoni. Amebakiza mwaka mmoja.

Mama alikuwa na gauni la bibi harusi mezani, akanipa mimi. "Fumua taratibu, usitoboe kitambaa."

Nikaanza. Nilikuwa nimefumua mguu mmoja wa nne ya mgongoni Kufuli mwenyewe alipoingia. Mlango wetu ni mfupi, aliinama. Akamwamkia mama, akaona kilichokuwa mapajani mwangu, akasimama tu. Kisha akaniuliza kama ile namba ikishatoka anaweza kuichukua. Kitambaa tu, akasema, jezi si yake.

Mama hakuweza kujizuia. "Lakini mwanangu, ilikuwaje ukashusha mikono?"

"Nilisikia sifuri, mama."

Hakunitazama aliposema hivyo. Nafikiri hakunitazama kwa kusudi. Kila mtu anajua nani ana saa.

Mjomba, barua ya kwanza nilikuficha kitu. Hesabu haikuwa kama kawaida. Tulifika sifuri na filimbi haikulia. Ilikuja baadaye, kama sekunde mbili baadaye, na ndani ya hizo sekunde mbili ndipo yule alirusha. Kwa kinyozi wanasema meza ilichelewa, kwamba karani alihongwa soda. Wakimaliza kumtukana karani wanarudi kwa Kufuli, kwa sababu karani si wetu wa kumfanya lolote. Hakuna anayesema hesabu ilikosea. Nafikiri haijawajia hata kichwani, maana ilikuwa sauti yao wenyewe.

Meza haikuchelewa. Ni sisi tuliwahi. Sijui ilikuwaje.

Jezi nimeikunja nikaiweka chini ya vitambaa. Mama akiniuliza namwambia uzi ni mgumu. Nifanye nini?

Mpwa wako


Jumatatu, 19 Mei

Mwanangu,

Meza yangu haina tatizo lolote. Ina miguu minne sawa kabisa.

Ni mikono yangu. Ilianza mwaka jana, wa kulia kwanza, kutetemeka kidogo tu kama nimeshika cherehani ya mama yako inayokimbia. Nilikuja huku nikidhani karakana kubwa ina vioo vikubwa na taa nzuri, nitaficha. Nilifanya kazi wiki tano. Nikaangusha gurudumu dogo la saa ya mteja, tukalitafuta sakafuni watu wanne. Siku ya pili yake msimamizi, kijana mwenye adabu, aliniomba nikae mlangoni niwe napokea wateja. Tangu hapo nakaa mlangoni. Nafungua, nasema karibu, nafunga. Mama yako hajui na wewe usimwambie bado.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hili ndilo nililokuwa nalificha mimi.

Ile saa niliyokuachia ndiyo ya mwisho niliyoifungua nikiwa bado najiita fundi. Springi ilikuwa imechoka, nikaweka nyingine wiki moja kabla sijasafiri. Kibano kilinitoka mara tatu. Nilipoifunika sikuwa na hakika nayo. Nilipaswa kuipima siku nzima nikaipima robo saa, kwa sababu niliogopa nitakachokikuta. Nikakukabidhi mbele ya watu, nikajisifu.

Saa inakimbia, mwanangu. Ndiyo maana mliwahi. Kosa ni la saa, na la saa ni langu. Si lako, na si la huyo kijana niliyemtukana bila kujua.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, imefungwa, ni ya kocha. Nimemweleza yote, saa, springi na mikono. Mpelekee kabla ya kikao. Huna haja ya kusimama mbele ya mtu, huna haja ya kusema neno. Mkabidhi tu uondoke. Watamrudishia kijana jezi yake na watanicheka mimi niliye mbali.

Nimechelewa kukuambia. Nilitaka mtu mmoja tu pale kwetu abaki anadhani mimi ni fundi.

Mjomba wako


Ijumaa, 23 Mei

Mjomba wangu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nyuma ya duka, nimekalia gunia la vipande. Mama akaniuliza kama ni msiba. Nikasema hapana, na mengine sikumwambia.

Jana nilimwendea mwalimu mstaafu, kwa sababu redio yake inapiga ule mlio wa saa kila saa kamili. Nilimwomba tupime. Saa sita mchana mlio ulipolia nikabonyeza. Tukakaa sebuleni kwake, yeye anamenya chungwa, mimi naangalia mshale. Saa saba mlio ulipolia mshale ulikuwa mahali pake. Mwalimu akasema kipimo kimoja si kipimo, tukaendelea mpaka saa nane. Tukaendelea mpaka saa kumi. Aliweka miwani, akaitoa, akaiweka tena. "Hii haijapoteza kitu," akasema. "Aliyeitengeneza hii alikuwa na mikono."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema. Sikumwambia kwa nini nayataka.

Saa yako ni nzima, mjomba. Springi uliyoiweka inatembea sawasawa.

Na mimi nilijua hata kabla ya redio. Nilikuandikia kwamba sijui ilikuwaje, na huo ulikuwa uongo. Ilikuwa hivi. Kadi ilipoinuka nilibonyeza, nikasema kumi, nikasema tisa, macho yakiwa kwenye mshale kama ulivyonifundisha. Halafu yule mfungaji akaja upande wetu, Kufuli akamsimamia palepale mbele yangu, hatua nne tu, na nikainua macho. Nilitaka kuona. Tangu nikiwa mdogo nakaa kwenye ule ubao, na kila mwaka nilikuwa naona. Nane, saba, sita nilizisema kutoka moyoni, na moyo wangu ulikuwa unakimbia, na watu wote wakakimbia nao. Nilipofika sifuri nikashusha macho kwenye saa. Mshale ulikuwa kwenye nane. Filimbi ililia ulipogusa kumi. Niliuona.

Nilijua palepale, kabla mpira haujatua chini. Nimekuwa nikijua siku ishirini.

Barua yako kwa kocha nairudisha, haijafunguliwa. Nilikaa nayo siku nzima. Ningempelekea, kila mtu angeamini, na hakuna ambaye angeniuliza kitu tena maishani. Hilo ndilo lililonitisha. Ungekuwa umesema uongo bila kujua, na mimi ningekuwa najua, na wewe ungeendelea kukaa mlangoni ukidhani mikono yako ndiyo iliyomfukuza mtu chuoni.

Nilipokuwa naondoka kwa mwalimu nikarudi kutoka getini nikamwambia. Ni mtu wa kwanza kumwambia kwa mdomo. Alikusanya maganda ya chungwa lake, moja moja. Kisha akasema, "Kikao ni keshokutwa saa nne. Mlango wa kushoto, wa kulia umeharibika."

Kama barua hii ina mwandiko mbaya, meza yetu nayo ni nzima.

Mpwa wako


Jumapili, 25 Mei

Kwako Fundi,

Ni mimi kinyozi wako. Utashangaa, maana mimi kalamu naishika kuandika bei tu. Mpwa wako hajui kama nakuandikia.

Jana nilikwenda kwenye kikao cha chuo. Tulikwenda karibu benchi zima, kusikiliza Kufuli anavyotimuliwa, nisikufiche. Darasa limejaa, kamati mbele, kocha pembeni, kijana amekaa peke yake safu ya kwanza, magoti yamegonga meza. Mwenyekiti hajamaliza kusoma akainuka binti yenu. Ameikumbatia ile jezi kifuani kama mtoto mchanga. Akasema kitu. Hatukusikia.

"Sema kwa sauti!" mtu akapiga kelele.

Akasema tena, sauti ileile, haikupanda hata kidogo. Mwalimu akageuka kutukabili sote. "Yeye hawezi kupandisha. Nyinyi mnaweza kunyamaza."

Tukanyamaza, Fundi. Nilisikia hadi feni. Akasema, "Mimi ndiye niliyehesabu. Sikuitazama saa. Nilifika sifuri mshale uko kwenye nane. Alishusha mikono kwa sababu yangu."

Mwanafunzi mmoja nyuma akaruka juu: "Kwa hiyo wewe ndiye uliyetutoa fainali!"

Akasema, "Ndiyo."

Basi. Ndiyo. Nilitamani alie, au abishe, ili nami nipate la kusema. Hakulia.

Kocha akamgeukia Kufuli, kwa nini hukusema? Kijana akasema, "Nilisema nilisikia sifuri. Hamkuniuliza kwa nani." Kisha akasema, "Na filimbi sikuingoja. Hilo ni langu." Kamati wakanong'onezana sana. Wamemwachia nafasi yake. Ligi ikianza, mechi mbili za kwanza hachezi.

Binti akaweka saa yako mezani kwa mwenyekiti. Hakuna aliyeigusa. Tulitoka wote, mwalimu akaichukua akamrudishia barabarani.

Nimemnyoa huyo kijana kwa maneno wiki tatu, kwa wembe butu. Jana jioni nilimfuata bwenini. Nikamwambia aje kwangu, kichwa chake kimekuwa kichaka. Alikuja. Nilimnyoa kwa wembe mpya.

Ila binti hatoki. Watoto wa chuo wakipita dukani wanahesabu kwa sauti, kumi, tisa, halafu wanacheka. Nimewafukuza na ufagio, wanarudi. Mwandikie.

Kinyozi


Ijumaa, 30 Mei

Mwanangu,

Barua yako ilinikuta mlangoni, nikaisomea hapohapo. Mteja alisimama nje akangoja nimalize. Nilipomfungulia aliniuliza, mzee, kuna habari njema? Nikamwambia kuna saa fulani inatembea.

Nilikasirika pia, nisiseme uongo, zamu yangu ya uongo imepita. Nilikasirika kwamba uliinua macho. Halafu nikakumbuka kwamba miaka kumi na tisa nilitaka kuinua, kila mechi, na niliogopa tu. Wewe ulikuwa na hatua nne.

Nimemwandikia dada yangu kuhusu mikono. Nitarudi mwezi wa nane, na kama kuna kiti nje ya duka nitakikalia.

Kile kipande cha mpira nimekiweka chini ya mguu wa meza. Sasa ndiyo imeinuka upande mmoja, kalamu inabingirika. Sitakitoa.

Saa usiniletee. Kazi yake iko huko.

Mjomba wako, fundi saa


Jumapili, 15 Juni

Mjomba, shikamoo.

Namba nne nimeishona tena. Nilitumia uzi uleule wa bluu na kufuata matundu ya zamani, lakini si yote yalikubali, mengine yamepanuka. Ukiwa mbali huoni. Ukikaribia unaona mstari wa vitundu vidogo pembeni ya uzi, hasa kwenye ule mguu niliokuwa nimeufumua. Nilimwonyesha Kufuli kabla hajaondoka nayo. Akapitisha kidole, akasema itashika.

Jana alicheza, mechi ya tatu. Mechi zile mbili hakuna aliyehesabu. Kinyozi anasema alijaribu kwenye ya pili, akapotea kwenye sita. Sikutaka kwenda. Mama alifunga duka saa tisa, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaniambia twende, naye hajui hata mpira unaingia wapi.

Mahali pangu kwenye ubao palikuwa wazi. Sijui kama walipaacha au hakuna aliyetaka kukaa. Mwalimu alikuwa pembeni, akanisogezea mto wake.

Tulikuwa mbele kwa pointi mbili, mpira wanao wao. Vijana wetu walikuwa wakilinda mtu kwa mtu, nimeliangalia hilo kwa ajili yako. Kadi nyekundu ikainuka. Nikabonyeza, kidole kilikwenda chenyewe. Mbao zote zilikuwa kimya. Hawakuwa wananizomea wala kunisaidia. Walikuwa wananingoja.

Nikasema kumi. Sauti yangu ilikuwa ndogo sana, mjomba, ndogo kuliko ile ya darasani. Kwenye tisa mama akaitikia peke yake. Kwenye nane kinyozi. Kwenye saba wote.

Sikuona kitu. Nilisikia viatu vikilia sakafuni mbele yangu, mpira ukidunda mara tatu, mtu akihema. Nilijua ni yeye yuko pale, hatua nne. Shingo iliniuma kwa kuinama. Mshale ulikwenda pole kuliko nilivyowahi kuuona ukienda, na mimi nikaenda nao. Niliposema sifuri filimbi ililia juu ya sauti yangu.

Kelele zikaanza, na sikujua ni za furaha au za hasira. Ulinzi ulikuwaje siwezi kukuambia, muulize kinyozi. Ninachoweza kukuambia ni kile nilichokiona nilipoinua macho. Filimbi ilikuwa imeshalia, wenzake wanaruka, mfungaji wao ameshaondoka zake. Kufuli alikuwa bado amesimama palepale, amenipa mgongo, mikono yote miwili juu.

Mpwa wako, mhesabu